Roboti ya magurudumu yenye kamera ya kina: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kila Jumamosi tunatandaza meza ya roboti kwenye banda la nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili mgeni ayasome kabla hajanunua kitu, maana wengi hufika wakiwa wameshanunua. Roboti ninayoizungumzia ni ya ndani ya nyumba: magurudumu mawili yenye mota, kigurudumu cha kuzunguka nyuma, kompyuta ndogo, betri, na kamera inayopima umbali.

## Kabla ya kutoa hela

Kamera ya kina ni nini, na inatofautianaje na ya simu?

Kamera ya simu inakupa rangi ya kila nukta. Kamera ya kina inakupa umbali wake. Picha ya Kinect ya kwanza, kamera ya mashine ya michezo ya Xbox 360 ya Microsoft, ina nukta 640 kwa 480, yaani 307,200, na kila moja imebeba namba: ukuta uko milimita 1,840, mguu wa meza milimita 920. Picha hizo zinakuja 30 kwa sekunde.

Ndani yake kuna leza inayomwaga maelfu ya madoa ya infraredi ambayo jicho halioni, na kamera iliyokaa sentimita 7.5 kando inayatazama madoa hayo. Nyoosha kidole mbele yako, fumba jicho moja, kisha badilisha jicho: kidole kinaruka. Kilete karibu na pua, kinaruka zaidi. Kamera inapima mruko huo tu, basi.

Zipo aina nyingine. Kinect ya pili, iliyotoka na Xbox One mwaka 2013, inapima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Intel RealSense D435 ina macho mawili ya infraredi na projekta ya kuyasaidia. Majibu mengi ya hapa chini yanahusu Kinect ya kwanza kwa sababu ndiyo watu wanayokuja nayo. Pale aina nyingine inapotofautiana nimesema.

Wazo la kuweka kamera ya michezo kwenye roboti lilitoka wapi?

Kinect iliingia sokoni Marekani Novemba 2010 kwa dola 149.99. Kampuni ya Adafruit ikatangaza zawadi kwa atakayeandika draiva huria ya kuiendesha bila Xbox, na tarehe 10 mwezi huohuo Hector Martin wa Hispania akaitoa. Mwezi huo pia, huko California, Melonie Wise na Tully Foote wa maabara ya roboti ya Willow Garage walikuwa wanaunda TurtleBot: kitako cha roboti ya kufagia, iRobot Create, laptopu juu yake, na Kinect. Hakuna kifaa kipya walichovumbua hapo. Walipanga vitu vya dukani vikaelewana, na roboti zetu zote za plaiwudi ni wajukuu wa ile.

Jumla itanigharimu kiasi gani?

Bei siandiki. Bei ya Kariakoo ya Jumatatu si ya Ijumaa, na aliyeko Nairobi atanunua Luthuli Avenue kwa bei nyingine kabisa. Ninachoweza kukupa ni mpangilio. Kwa kawaida kompyuta ndogo ndiyo inayokula hela nyingi, zinafuata mota mbili zenye enkoda (kihesabu mzunguko), kisha betri na vibadili umeme vyake. Kinect ya mtumba inaweza kuwa ndiyo kitu rahisi kuliko vyote mezani.

Bana matumizi kwenye mwili: plaiwudi, sinia la plastiki, hata ubao wa kukatia nyanya. Usibane kwenye mota. Kijana mmoja alikuja na kamera mpya ndani ya boksi lake, nailoni haijabanduliwa, na mota nne za njano za kuchezea. Kamera ilimwambia roboti kila kitu kuhusu chumba. Roboti haikuweza hata kuvuka kingo ya zulia.

Ninunue Kinect ya mtumba au kamera mpya?

Kama unajifunza, mtumba. Kama roboti itafanya kazi kila siku, nunua mpya inayopata umeme kutoka USB, kwa sababu utakazoziona kwenye swali la betri.

Ukienda kununua mtumba, igeuze usome namba ya modeli chini ya kitako. 1414 haina usumbufu. 1473 inafanya kazi pia, ila shingo yake ya kuinamia haitii amri mpaka kwanza uipakie programu ya sehemu ya sauti. Ulizia na waya wake: plagi ya Kinect si USB ya kawaida, inahitaji adapta inayoigawa kuwa USB na umeme wa volti 12. Usipopewa adapta utaishia kukata waya, na hapo pima kwa mita kabla ya kuunga. Rangi za waya usiziamini.

Jambo la mwisho ndilo lililoniuma mimi. Nilinunua moja, muuzaji kaiwasha, taa ya kijani inamemeta, “mzima kabisa huyu, bosi.” Nimefika nyumbani picha ya rangi safi, picha ya kina nyeusi tii. Leza ilikuwa imekufa. Taa ya kijani haikuambii lolote kuhusu leza. Kitundu cha leza kikiwa hai hutoa wekundu hafifu ukikitazama kwa pembeni gizani. Bora zaidi, nenda na laptopu uone picha ya kina kwa macho yako palepale kaunta.

Si afadhali ninunue lida inayozunguka?

Lida ni kipima umbali cha leza kinachozunguka. Kwa kuchora ramani, inaishinda kamera ya kina. Inaona digrii 360, wakati Kinect inaona 57 tu kwa upana, kama farasi aliyefungwa vizibo vya macho. Lakini lida ya bei nafuu inaona ubapa mmoja tu, kwa urefu ulioifunga. Meza kwake ni miguu minne. Ubao wa meza utakaogonga kichwa cha roboti haujui. Nyumba zetu zimejaa stuli, viti vya plastiki na ndoo, na hapo kamera ya kina inalipa. Mwenye uwezo aweke vyote viwili.

## Mota na umeme

Mota zipi zinatosha?

Piga hesabu, usikisie. Roboti ya kilo 3 ikipanda mwinuko wa digrii 10 inahitaji nguvu ya niutoni 5 hivi. Gawanya kwa magurudumu mawili ya kipenyo cha milimita 65, kila mota inatakiwa itoe msokoto wa karibu kilo 0.85 kwa sentimita. Zidisha mara mbili ili isiwe inakesha imekazana: tafuta mota ya gia ya volti 12 iliyoandikwa kilo 2 kwa sentimita au zaidi, yenye enkoda nyuma yake.

Bodi ya kuendesha mota ya L298N, ile yenye bati kubwa jeusi, ipo kila duka, lakini inameza karibu volti 2 mota ikivuta ampea 1. Volti zako 11 zinafika kwenye mota zikiwa 9, zilizobaki zinachemsha bati. TB6612FNG ni ndogo, haipotezi hivyo, ila inabeba ampea 1.2 tu mfululizo kwa kila mota. Pima mota yako ikiwa imeshikwa isizunguke, ndipo uchague.

Enkoda ni za nini? Si kamera inaona tunakokwenda?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu anayeuliza ana hoja. Kamera inaona, ndiyo, lakini ikigeukia ukuta mweupe usio na alama inaona kitu kilekile sekunde baada ya sekunde, na haiwezi kujua kama imesogea sentimita 5 au 50. Enkoda inahesabu mzunguko wa gurudumu. Mfano: enkoda yenye mapigo 11, gia ya 1 kwa 34, ukihesabu kila badiliko la chaneli zote mbili unapata hesabu 1,496 kwa mzunguko mmoja. Gurudumu la milimita 65 lina mzingo wa milimita 204. Kila hesabu ni milimita 0.14 ya sakafu.

Usafi huo wa namba unadanganya, lakini, kama hujapima umbali kati ya magurudumu yako. Zungusha roboti papo hapo mara 10 kwa mujibu wa yenyewe. Kama kwa macho yako imezunguka mara 9 na nusu, umbali halisi kati ya magurudumu ni mkubwa kuliko ulioandika: sentimita 20 zako zidisha kwa 10, gawa kwa 9.5, upate 21. Kwa mwendo wa kunyooka tumia mistari ya vigae. Fundi vigae mzuri amekuachia rula ya bure sakafuni.

Betri itakaa muda gani?

Chukua betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1, ampea-saa 2.2. Hiyo ni wati-saa 24, na busara ni kutumia asilimia 80 yake. Kompyuta ndogo inakula wati 6 hivi, mota kwa wastani tuseme 6, Kinect peke yake hadi 12. Jumla wati 24: dakika 48. Badilisha Kinect kwa kamera ya USB ya wati 2 au 3 na betri hiyohiyo inakupa zaidi ya saa moja na robo. Kamera ya mtumba ni rahisi kuinunua, kuilisha ndiyo kazi.

Kuna na mtego mwingine. Betri ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, ikikaribia kuisha iko chini ya 10. Kinect inataka 12. Kibadili cha kushusha umeme peke yake hakitakusaidia. Tafuta kinachopandisha na kushusha.

Betri ya UPS ya volti 12, ampea-saa 7, inapatikana kirahisi na haina hasira kama lithiamu, ila ina kilo mbili na ushee. Ukiichagua rudi kwenye hesabu ya mota. Na ukichagua lithiamu, weka fyuzi karibu na betri, usiiache ikichaji ukaenda sokoni, na seli yoyote isishuke chini ya volti 3.

Mota zikianza tu, kompyuta inajizima. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Mota inapoanza inavuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, volti inaporomoka, kompyuta inazimia. Ipe kompyuta kibadili umeme chake peke yake, chenye uwezo wa volti 5 na ampea 3 za kweli. Vile vidogo vya LM2596 vilivyoandikwa ampea 3 huchemka vibaya ukivitaka vitoe 3 muda wote. Hasi zote ziungwe pamoja, zisipoungwa enkoda zitakuletea namba za ajabu. Na kama kompyuta yako ndogo ni Raspberry Pi, pini zake ni za volti 3.3: ukizilisha enkoda ya volti 5 moja kwa moja, hapo ndipo utakapokuwa umeharibu. Weka bodi ndogo ya Arduino katikati isome enkoda.

## Programu

Lazima nijue ROS, ile programu huria ya kuendeshea roboti?

Kwa kuanza, hapana. Ukiwa na libfreenect, draiva huria ya Kinect, na lugha ya Python unaweza kuipata roboti inayozurura sebuleni bila kugonga: gawa picha ya kina sehemu tatu, kushoto, kati, kulia, tafuta kilicho karibu zaidi katika kila moja, elekea penye nafasi. Haifiki mistari 100. Anza na hiyo hata kama unaijua ROS, kwa sababu itakulazimisha uzitazame namba za kamera mwenyewe, na asilimia kubwa ya matatizo ya sehemu inayofuata yako humo.

Ukitaka ramani, na roboti iende jikoni ikiambiwa, hapo usijitese kuandika upya kilichoandikwa. Tumia ROS 2, RTAB-Map kwa ramani, Nav2 kwa kutafuta njia. Toleo la Jazzy, la Mei 2024, linakwenda na Ubuntu 24.04. Ukikuta maelekezo ya ROS ya kwanza, jua kwamba toleo lake la mwisho, Noetic, liliacha kuhudumiwa Mei 2025.

Nikitazama picha kwenye laptopu kupitia Wi-Fi inakwama. Router mbovu?

Huenda, lakini piga hesabu kwanza. Nukta 307,200, baiti 2 kila moja, mara 30 kwa sekunde, ni megabaiti 18 kila sekunde, bado picha ya rangi. Acha hesabu zifanyike juu ya roboti, utume ramani na mahali roboti ilipo tu. Picha 5 kwa sekunde, zilizopunguzwa nusu kila upande, zinatosha kwa macho yako.

## Kamera inaposema uongo

Picha yangu ya kina ina matundu meusi. Kamera mbovu?

Karibu kila mara ni nzima. Tundu jeusi maana yake kamera haikupata jibu pale, na sababu ni nyingi: kitu kiko karibu kuliko nusu mita, kioo kimeupitisha mwanga, sufuria inayong'aa imeurusha kwingine, sofa la ngozi nyeusi limeumeza, au ni kivuli tu pembeni ya kitu, pale ambapo kamera inaona lakini madoa ya leza hayafiki. Chandarua ni kesi ya peke yake. Baadhi ya madoa yanagota kwenye nyuzi, mengine yanapita hadi kitandani, na unapata wingu la namba zisizoeleweka.

Ugumu si tundu lenyewe, ni programu yako inalielewaje. Katika picha za milimita, “sikupata jibu” huandikwa 0. Katika namba ghafi za libfreenect huandikwa 2047. Mwanafunzi mmoja alisahau hilo, roboti yake ikagoma kutoka mlangoni. “Fundi, mbona haisogei? Mbele kweupe.” Tukafungua namba: katikati ya picha, pale sakafu ya vigae inapong'aa kwa taa, kulikuwa na sifuri kibao. Roboti ilikuwa inaamini kuna ukuta umegusana na pua yake. Akazifuta sifuri zote. Dakika tano baadaye ikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo wa kabati la vyombo, kwa mwendo kasi, kwa sababu kioo nacho kilikuwa sifuri na sasa sifuri ilikuwa imegeuka “hakuna kitu”.

Sifuri si ukuta na si uwazi. Tunachofanya siku hizi: nukta zisizo na jibu hazihesabiwi kama umbali, ila zinahesabiwa idadi. Zikizidi theluthi ya sehemu ya kati, roboti inapunguza mwendo na kugeuka polepole ikatafute pembe nyingine ya kutazamia. Na mbele tumefunga swichi ya kugusa ya bei ya soda, kwa ajili ya kabati za wenye nyumba.

Niifunge kamera kwa urefu gani?

Kinect inaona digrii 43 kwenda juu na chini. Ukiifunga sentimita 30 kutoka sakafuni, imetazama mbele bila kuinama, mstari wake wa chini kabisa unagusa sakafu sentimita 76 mbele. Paka akilala ndani ya hizo 76, ole wake. Ukiinamisha digrii 15 unaanza kuona sakafu kwenye sentimita 40 hivi. Kuinamisha zaidi hakuna faida, kwa sababu umeshafika kwenye ile nusu mita ambayo kamera haipimi. Ndiyo maana TurtleBot na wengine huifunga kamera nyuma kidogo ya kitako: sehemu ya upofu inaangukia juu ya roboti yenyewe.

Ngazi za kushuka nazo zinaamuliwa hapa. Shimo halionekani kama kizuizi. Linaonekana kama sakafu iliyopotea. Roboti inayotafuta vizuizi tu itashuka ngazi kwa furaha. Andika kanuni ya pili: pale sakafu inapotakiwa kuwepo, isipoonekana, simama.

Kwa nini ukuta ulionyooka unatokea umepinda kwenye ramani?

Ukipinda kwa utaratibu kama upinde, umechanganya vipimo viwili. Namba ya kina si urefu wa mstari kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kitu; ni umbali wa kwenda mbele tu. Ukuta ulio mita 2 mbele utaandikwa 2 katikati na 2 pembeni, ingawa kutoka kwenye lenzi hadi ukingoni mwa picha ni mita 2.28. Geuza kwanza ndipo uchore. Ukuta ukijirudia mara mbili kama kivuli, tatizo si kamera, rudi kwenye jibu la enkoda.

Ukiwa na mawimbi madogo mbali, hiyo ni hali yake. Ngazi za vipimo vya Kinect zinapanuka kwa kipeo cha pili cha umbali: kama milimita 3 kwa mita 1, sentimita 1 na kidogo kwa mita 2, sentimita 4 na nusu kwa mita 4. Kitu cha mita 4 kiheshimu kama tetesi.

Itafanya kazi nje? Na usiku, umeme ukikatika?

Juani, hapana. Jua lina infraredi nyingi, madoa ya leza yanazama ndani yake. Hata barazani saa kumi jioni utaona upande mmoja wa picha umekufa. RealSense ina nafuu kubwa hapo, maana macho yake mawili yanaweza kulinganisha mikwaruzo ya ukuta bila kutegemea projekta.

Gizani, picha ya kina haijali, taa inatoka nayo yenyewe. Roboti ya kuzurura itaendelea kuzurura umeme ukikatika. RTAB-Map itapotea, kwa sababu inatambua mahali kwa alama za picha ya rangi.

Tuna roboti mbili kwenye chumba kimoja na zote zinaona vibaya. Kwa nini?

Kila moja inamwaga madoa yake, na kamera haijui yapi ni yake. Matundu yanaongezeka pale madoa yanapokutana. Mwaka 2012 watafiti walionyesha njia ya kuchekesha: funga kwenye Kinect mota ndogo ya kutetemesha, kama ile ya ndani ya simu. Leza na kamera yake vinatetemeka pamoja, kwa hiyo madoa yake yanaonekana yametulia, na ya jirani yanafifia. Tulijaribu kwa mota iliyotolewa kwenye simu mbovu na gundi ya moto. Inafanya kazi, matundu yanapungua kwa macho, ila picha ya rangi inakuwa na ukungu kidogo na skrubu zinalegea. Tia gundi ya nyuzi kwenye skrubu, au mzipangie zamu.